KORODANI ZAKO, AFYA YAKO: mambo ambayo kila kijana wa Fizi na Baraka anapaswa kujua, na wakati gani wa kukimbia kwa dokta



Leo naleta mada ambayo tukiitaja mbele ya watu, nusu wanacheka na nusu wanaangalia chini. Ni mada ya korodani. Shuleni tulifundishwa hilo jina katika somo la biolojia, tukaandika kwenye daftari, tukafaulu mtihani, ikaisha hapo. Barabarani tunasema makende ao mapumbu, na tukisema hivyo ni kwa matusi ao kwa mizaha. Kati ya neno la daftari na neno la matusi hakuna nafasi ambapo kijana anaweza kusimama na kusema: "Ndugu yangu, hapa panauma, nifanye nini?"

Mimi nilisoma uuguzi, na kazi yangu iko katika kituo cha afya upande wa ziwa. Ninaona mama wakija na watoto, mama wenye mimba, wazee wenye presha. Vijana wanaume wa miaka 15 hadi 35 ninawaona kidogo sana, na wakija wamechelewa. Njo maana naandika. Nataka msomaji akimaliza hapa ajue mambo mawili: kipi ni cha kawaida, na kipi hakingoji kesho.

1. YA KAWAIDA IKO NAMNA GANI?

Korodani ni mbili, ziko ndani ya mfuko wa ngozi. Kazi yake ni mbili pia: kutengeneza mbegu za uzazi, na kutengeneza homoni ya kiume inayoleta sauti nzito, ndevu, nguvu ya misuli na hamu ya ndoa. Mbegu moja kutoka mwanzo hadi kukomaa inachukua karibu siku 74, yaani miezi miwili na nusu. Kumbuka hiyo namba, tutarudi kwake.

Kwa nini ziko nje ya mwili wakati moyo, ini na figo vimefichwa ndani? Ni juu ya joto. Mwili una joto la digrii 37, lakini mbegu zinatengenezwa vizuri kwenye joto la chini kidogo, digrii mbili ao tatu chini. Kukiwa na baridi, mfuko unajikunja na kupandisha korodani karibu na mwili. Kukiwa na joto, unalegea na kuzishusha. Mtu akitoka kuoga ziwani asubuhi na kuona zimepanda, hiyo si ugonjwa.

Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida pia, na mara nyingi ni ile ya kushoto. Moja kuwa kubwa kidogo kuliko nyingine ni kawaida. Nyuma ya kila korodani kuna kitu laini kama kamba iliyojikunja: huo ni mfereji wa kuhifadhi mbegu, si uvimbe. Vijana wengi wanaigusa mara ya kwanza na kuogopa bure.

Ambayo si kawaida ni mabadiliko. Kama jana haikuwa hivyo na leo iko hivyo, uliza.

2. MAUMIVU YA GHAFLA: HAPA KUNA SAA, HAKUNA SIKU

Kama utasoma sehemu moja tu ya andiko hili, soma hii.

Kila korodani inaning'inia kwenye kamba, na ndani ya ile kamba munapita mishipa inayoleta damu. Kwa watu fulani, korodani haikushikiliwa vizuri ndani ya mfuko tangu kuzaliwa. Siku moja inajizungusha, kamba inajisokota kama kamba ya ndoo kisimani, na damu haipiti tena. Korodani bila damu inaanza kufa.

Inaweza kumpata mtu wa umri wowote, lakini zaidi ni vijana wa miaka 12 hadi 18. Inaweza kuanza baada ya mpira, baada ya kugongwa, ao usiku mtu akiwa amelala kabisa, bila sababu. Dalili zake ni hizi:

– maumivu makali yanayoanza ghafla, upande mmoja;
– kichefuchefu ao kutapika;
– korodani kupanda juu ao kulala upande upande;
– tumbo la chini kuuma;
– mfuko kuvimba na kubadilika rangi, saa zikipita.

Hesabu yake ni hii. Mgonjwa akipasuliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, zaidi ya mara 9 katika 10 korodani inaokoka. Zikifika saa 12, nafasi inashuka hadi karibu nusu. Zikipita saa 24, mara nyingi sana hakuna cha kuokoa, inabaki kuitoa.

Sasa weka hiyo hesabu katika maisha yetu. Mtoto wa miaka 14 anaamka saa nane ya usiku. Anaona haya kumwambia mama yake wapi panauma, anasema tu: "Mama, tumbo inaniuma." Mama anampa dawa ya minyoo. Asubuhi hajapona, anapelekwa kwa jirani mwenye farmasi, anadungwa sindano ya maumivu. Sindano inatuliza, wote wanafurahi. Siku ya pili mfuko umevimba. Hapo sasa njo baba anaitwa, na baba anauliza kama mtoto amerogwa ao amekwenda kwa wasichana. Siku ya tatu njo wanakuja kwetu. Nimeona kesi ya namna hiyo, na tulipoandika karatasi ya transferi kwenda hospitali, mimi na mwenzangu tulijua tayari jibu litakuwa lipi. Yule mtoto alirudi na korodani moja. Anaishi vizuri, atazaa akipenda Mungu, lakini ile moja ilikufa kwa sababu ya haya na sindano ya maumivu.

Kwa hiyo shika haya:

Kwanza, kijana yeyote akisema tumbo la chini linamuuma ghafla na anatapika, mzazi ao kaka mkubwa amwulize waziwazi: "Na korodani zinauma?" Ni swali la sekunde tano.

Pili, antibiotiki haifungui kamba iliyosokotwa. Wala majani, wala kukandwa na maji ya moto, wala kuchuliwa na mzee wa kijiji. Hii kazi ni ya kupasua: dokta anafungua mfuko, anazungusha korodani mahali pake, anaishona isizunguke tena. Na ile ya pili anaishona pia, kwa sababu kama moja haikushikiliwa vizuri, mara nyingi na mwenzake ni hivyo hivyo.

Tatu, ekografi inasaidia, lakini kama hakuna ekografi ao mashine imeharibika, hiyo si sababu ya kungoja. Dokta anaweza kuamua kwa macho, kwa mikono na kwa maswali. Madaktari wa jumla katika hospitali zetu za rufaa wanafanya sezariene na kupasua ngiri, hiyo ni kazi yao ya kawaida. Kunyoosha korodani hakungoji mtaalamu kutoka Kinshasa.

Nne, maumivu yakipotea yenyewe ghafla baada ya kuwa makali, bado nenda. Kamba inaweza kujifungua na kujisokota tena wiki ijayo.

Tano, njiani usile chakula. Mtu wa kupasuliwa anatakiwa kufika na tumbo tupu.

3. MAUMIVU YANAYOKUJA POLEPOLE

Hapa hali ni tofauti. Maumivu yanaanza kidogo leo, kesho yanaongezeka. Kuna homa, mkojo unachoma, pengine usaha unatoka. Hiyo mara nyingi ni maambukizo. Kwa vijana wanaofanya ngono, wadudu wanaoleta hii ni wale wa kisonono na klamidia. Kwa wazee, mara nyingi ni wadudu wa mkojo.

Hii inatibiwa kwa antibiotiki, lakini kwa ile inayofaa, kwa kipimo kinachofaa, na kwa siku zote zilizoandikwa. Vidonge vitatu vya kununua sokoni vinapunguza dalili na kuacha ugonjwa ndani. Ugonjwa ukikaa, unaweza kuziba mifereji ya mbegu, na miaka kumi baadaye mtu anashangaa kwa nini nyumba haina mtoto. Na jambo lingine: ukitibiwa peke yako na kumwacha mwenzako, mutaambukizana tena. Munakwenda wawili.

Kuna pia matumbwitumbwi, ule ugonjwa unaovimbisha mashavu na chini ya masikio. Kwa mtoto mdogo unapita. Kwa kijana aliyekwisha balehe unaweza kushuka hadi kwenye korodani, siku chache baada ya mashavu kuvimba. Akiona hivyo aende kituo cha afya, asifunge tu kitambaa shingoni.

Neno la tahadhari: wewe nyumbani, na hata mimi kituoni, hatuwezi kila mara kutofautisha maambukizo na kamba iliyosokotwa. Kwa kijana mdogo, maumivu makali ya upande mmoja yahesabiwe kama kamba mpaka dokta aseme hapana.

4. MFUKO MKUBWA USIOUMA

Hapa kuna mambo matatu ambayo watu wanayachanganya yote na kuyaita erni ao mshipa.

La kwanza ni maji kujaa katika mfuko. Ndugu zetu wa pwani ya Tanzania wanaita busha, na kule watu wengi bado wanaamini kwamba linaletwa na kunywa madafu. Hapana. Katika nchi zetu za joto, sababu moja kubwa ni minyoo midogo inayoletwa na mbu, inayoitwa filaria, ndiyo ileile inayoleta matende kwenye miguu. Kongo yetu iko kati ya nchi zenye huo ugonjwa, na ndiyo maana katika sehemu nyingi reko wanapita kugawa vidonge vya ivermectin na albendazole. Wakipita kwako, meza, usitupe nyuma ya nyumba. Busha lenyewe linatibiwa kwa operesheni ndogo. Kulitoboa kwa sindano nyumbani kunaleta usaha, na maji yanarudi.

La pili ni ngiri, ile tunaita erni. Hapa si maji, ni utumbo unaoshuka kupitia tundu la kinenani. Unaonekana zaidi mtu akibeba mzigo, akikohoa ao akisukuma kinga kwenye mlima, na akilala unarudi ndani. Wabebaji, wavuvi wanaovuta mitumbwi na wachimbaji wa Misisi wanaijua vizuri. Wengine wanaishi nayo miaka mingi wakifunga mkanda. Hatari yake ni siku ambayo inashuka na inakataa kurudi, inakuwa ngumu, inauma, mtu anatapika na choo hakitoki. Utumbo umebanwa. Hiyo ni dharura sawa na kamba iliyosokotwa, na ikiachwa inaua.

La tatu ni mishipa ya damu iliyopanuka juu ya korodani, zaidi upande wa kushoto. Ukigusa ukiwa umesimama, unasikia kama mfuko wa minyoo. Karibu wanaume 15 katika 100 wanayo. Wengi haiwasumbui kabisa. Kwa wengine inaleta uzito jioni, na kwa wengine inapunguza mbegu. Si dharura, lakini uonyeshe dokta, hasa kama munatafuta mtoto na hapatikani.

5. KIVIMBE KIGUMU: TUMKUMBUKE HALLER

Wapenda mpira, hamujasahau tarehe 7 Februari 2024. Nusu fainali ya CAN, uwanja wa Ebimpé, Abidjan. Leopards wetu dhidi ya Kodivaa. Dakika ya 65, Sébastien Haller anaupiga mpira ukiwa hewani, unadunda chini, unampita kipa wetu. 1 kwa 0. Sisi tukatoka, wao wakaenda fainali, na siku nne baadaye Haller huyohuyo akafunga goli la ushindi juu ya Nigeria, 2 kwa 1.

Wengi tulimlaani ile usiku. Lakini wachache tulijua alikotoka. Julai 2022 alikuwa amefika tu Borussia Dortmund, ana miaka 28, mchezaji wa kulipwa anayepimwa na madaktari kila mara. Wakiwa kambini kujitayarisha na msimu, akajisikia vibaya, akapimwa, wakakuta uvimbe kwenye korodani. Ilikuwa kansa. Alipasuliwa mara mbili, akapitia awamu nne za dawa kali za kansa. Januari 2023 alirudi uwanjani. Tarehe 4 Februari 2023, ambayo ni siku ya dunia ya kupambana na kansa, akafunga goli lake la kwanza kwa Dortmund. Mwaka mmoja na siku tatu baadaye akatufunga sisi.

Hadithi yake inatufundisha mambo matatu.

Kansa hii inapenda vijana. Kansa nyingi ni za wazee, lakini hii inashika zaidi kati ya miaka 15 na 40. Kwa Waafrika ni adimu kuliko kwa watu wa Ulaya, lakini ipo.

Kwa kawaida haianzi na maumivu. Inaanza na kivimbe kigumu juu ya korodani, kidogo kama punje ya mahindi ao haragi, ao korodani nzima inakuwa ngumu na nzito. Na kwa sababu haiumi, mtu anasema "itapita". Tunakimbia kinachouma, tunaacha kisichouma. Hapa ni kinyume: kivimbe kigumu kisichouma njo cha kuogopa zaidi.

Inapona. Ikigunduliwa mapema na kutibiwa vizuri, zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 wanapona. Sisemi kwamba matibabu ya Ujerumani yako Baraka. Dawa za kansa hazipatikani hapa kwetu, mgonjwa analazimika kwenda mbali, na njia yetu tunaijua. Lakini hatua ya kwanza, yaani kuonwa, ekografi na kutolewa kwa ile korodani yenye ugonjwa, inaweza kuanzia hospitali ya rufaa. Mtu anayekuja na kivimbe cha punje ya mahindi ana njia nyingi mbele yake. Anayekuja na kivimbe cha yai ana chache.

6. "WAKINITOA MOJA, NITAKUWA BADO MWANAUME?"

Hili ni swali ambalo hakuna anayeliuliza kwa sauti, na linafanya wengi wakimbie hospitali. Jibu ni ndiyo. Korodani moja yenye afya inatosha kwa homoni, kwa ndevu, kwa sauti, kwa kitanda na kwa watoto. Haller alipasuliwa, na hakuna aliyemwona amepungukiwa nguvu pale Abidjan.

Kwetu Babembe, uanaume ulifundishwa na wazee katika butende, na moja ya mafundisho ilikuwa kuvumilia maumivu bila kulia. Ni fundisho zuri kwa mambo mengi ya maisha. Lakini wazee hawakusema uvumilie mpaka sehemu ya mwili ife. Kuvumilia ni kukubali kisu cha dokta. Kujificha na ugonjwa ni kitu kingine.

Na tuseme wazi pia juu ya uzazi. Nyumba ikikosa mtoto, kidole kinaelekea kwa mama mara moja. Anaitwa majina, anarudishwa kwao, analetewa mwenzake. Lakini karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanaume naye ana sehemu yake katika tatizo. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi vya wanawake. Kabla ya kumsumbua dada wa watu, baba apime. Na unakumbuka zile siku 74? Maana yake, mtu akiacha sigara na pombe kali, ao akitibiwa maambukizo leo, asitazame matokeo wiki ijayo. Asubiri karibu miezi mitatu.

7. WATOTO WA KIUME

Kina mama na kina dada, hapa nazungumza na ninyi, kwa sababu ninyi munaogesha watoto. Korodani za mtoto zinatengenezwa tumboni mwake na kushuka kwenye mfuko kabla ya kuzaliwa. Kwa karibu watoto 3 katika 100 waliozaliwa mwezi wao umetimia, moja haijashuka. Nyingi zinashuka zenyewe katika miezi ya kwanza. Mtoto akifikisha miezi 6 na mfuko bado ni mtupu upande mmoja, umpeleke. Inatakiwa kushushwa kwa operesheni karibu na mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Ikikaa juu miaka yote, inaharibika kwa joto, na hatari ya kansa ukubwani inapanda. Ukimwogesha, gusa taratibu: ziko mbili?

8. WALE WALIOUMIZWA

Katika eneo letu siwezi kufunga bila kusema hili. Vita imeumiza miili ya wanawake, na imeumiza miili ya wanaume na watoto wa kiume pia. Wengine walipigwa sehemu hizi kwa makusudi, wengine walifanyiwa ubakaji, na karibu wote wananyamaza. Ndugu, huduma ya waliobakwa si ya wanawake peke yao. Ukifika kituo cha afya ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine. Ukichelewa, fika hivyo hivyo, bado kuna matibabu. Huna lazima ya kueleza mbele ya watu wote. Omba kuonwa peke yako.

Na kwa ajali ya kawaida, kama kugongwa na mpira ao kuanguka kwenye kinga: maumivu yakipungua ndani ya saa moja, pumzika. Yasipopungua, ao mfuko ukivimba na kuwa mweusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

9. NAMNA YA KUJIANGALIA

Mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea. Simama. Angalia kwanza: kuna uvimbe, kuna ngozi iliyobadilika? Kisha shika korodani moja kati ya kidole gumba na vingine, izungushe taratibu. Inatakiwa kuwa laini kama yai lililochemshwa na kumenywa. Pita nyuma, utaisikia ile kamba ya kawaida. Fanya na ya pili. Dakika mbili zimeisha. Lengo ni ujue ya kwako ikoje, ili siku ikibadilika ujue.

10. SASA, WAKATI GANI WA KWENDA?

SAA HII HII, hata ni usiku: maumivu makali ya ghafla, maumivu pamoja na kutapika, ngiri iliyokataa kurudi, mfuko uliovimba na kuwa mweusi baada ya kugongwa.

LEO AO KESHO: maumivu yanayoongezeka polepole, homa, mkojo unaochoma, usaha, mashavu yaliyovimba yakifuatwa na korodani.

WIKI HII: kivimbe kigumu hata kama hakiumi, korodani iliyokuwa nzito ao kubwa bila sababu, damu kwenye mbegu.

PANGA SIKU: busha, ngiri inayorudi, mishipa iliyopanuka, mtoto mwenye korodani moja, kukosa mtoto baada ya mwaka mzima wa kujaribu.

11. NJIA, FRANGA NA MANENO YA KUSEMA

Najua mtasema: "Dokta gani, na njia ipi?" Ni kweli. Kutoka Ubwari, mgonjwa anangoja ziwa litulie. Kutoka Kazimia ao Lulimba wakati wa mvua, motari anakula saa nyingi za zile 6. Tangu Médecins Sans Frontières walipotangaza mwisho wa 2020 kwamba wanaacha sehemu kubwa ya kazi zao katika teritwari ya Fizi juu ya mashambulizi, mzigo wa hospitali zetu ulizidi na familia nyingi zinatafuta franga mgonjwa akiwa tayari kitandani. Ndiyo sababu maandalizi yanafanywa kabla.

Kila mmoja awe na namba ya motari mmoja anayekubali kutoka usiku, na namba ya muuguzi wa kituo cha karibu. Katika AVEC na likelemba zetu, tuweke kisanduku cha dharura ya kupasuliwa, kama tunavyochanga kwa matanga. Tunapata pesa za kununua ng'ombe mtu akisha kufa. Tunaweza kupata za kumfikisha hospitali akiwa mzima. Ninaomba viongozi wa chama chetu walete jambo hili katika kikao kijacho, tulijadili.

Ukifika kituoni na ukamkuta muuguzi ni dada wa rika yako, usigeuke. Sema sentensi moja tu: "Korodani inaniuma tangu saa fulani, na ilianza ghafla." Kutaja saa kunasaidia kuliko maelezo marefu. Ukiona haya kusema, andika kwenye simu na umwonyeshe. Na ukiambiwa uende nyumbani na sindano ya maumivu wakati dalili ni zile za sehemu ya pili, uliza kwa heshima: "Je, haiwezi kuwa imejisokota? Naomba transferi." Ni haki yako kuuliza.

Walimu mulio kwenye ukurasa huu, someni sehemu ya pili mbele ya wavulana wa darasa la sita na la kwanza sekondari. Watacheka dakika tano, halafu watanyamaza na kusikiliza. Mmoja wao, usiku mmoja, atakumbuka na kumwambia mama yake ukweli kabla saa hazijaisha.

Mwenye swali aniandikie pembeni, kwa siri. Ujumbe nitaujibu, ila kama ni maumivu ya ghafla usiniandikie: panda moto kwanza.